Bwana Heka Anaomba Bunduki

Ukishuka Mkuza na kufanikiwa kuvuka barabara kuu ukiwa mzima, uliza "kwa fundi vitanda", kila mtu atakuonyesha, ingawa fundi mwenyewe alishahama huu mwaka wa tatu. Alichotuachia ni kibanda chenye kufuli na benchi moja ndefu, ambayo kusema kweli si benchi. Ni ubavu wa kitanda cha sita kwa sita, mninga mtupu, kilichoagizwa na bwana harusi mmoja ambaye uchumba wake ulivunjika kabla godoro halijanunuliwa. Tangu hapo, nasikia, hawajawahi kukaa juu yake watu wawili wakakubaliana jambo. Mbele yake Zena huweka jiko lake la mkaa, birika la kahawa na sinia la kashata, na kila Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, serikali ya kweli ya mtaa huwa inakaa hapo. Ile nyingine yenye bendera husubiri isikie hapa wameamuaje.

Jumamosi ninayoisimulia, Mwishehe alifika wa kwanza.

— Shikamoo, Mzee Muhuri, — alisema Zena akimimina kikombe. — Mbona leo uso umekunjamana kama shati la mtumba?

— Marahaba. Nipe kahawa tu, Zena. Maswali weka akiba.

Mwishehe ni Mzaramo wa Kisarawe aliyehamia Mkuza enzi viwanja vinauzwa kwa kuonyeshana kidole. Ni mjumbe wa serikali ya mtaa mwaka wa kumi na mbili huu. Jina la Muhuri alibatizwa na benchi, si kwa sababu anao muhuri, maana muhuri uko kwa mwenyekiti, bali kwa sababu hajawahi kumkatalia mtu barua. Ya kazi, ya mkopo, ya kumtolea mtu dhamana, zote huandika maneno yale yale: "Namfahamu, ni mtu mwema, asaidiwe." Kuna mtu aliibiwa kuku, akamfuata mwizi mpaka kituoni, akamkuta mwizi ana barua hiyo mfukoni.

Leo alikuwa na barua nyingine kwenye mfuko wa koti, bado karatasi tupu, na ilikuwa imemkaa kama mwiba wa samaki kooni. Gregori alikuwa anaomba kibali cha kumiliki bunduki. Huyu Gregori benchi humwita Bwana Heka, kwa kuwa hawezi kumaliza sentensi tatu bila kutaja heka zake kumi na mbili za mihogo kule Dutumi. Nguruwe pori wanamaliza mihogo, kwa hiyo anataka bunduki. Maombi ya namna hiyo huanzia chini, kwa watu wanaomjua mtu, kisha hupanda mtaa, kata, wilaya, polisi. Mwenyekiti alikuwa amemwambia Mwishehe aandike maneno machache kuhusu tabia na mwenendo wa mwombaji. Gregori mwenyewe angekuja kuichukua barua kabla ya adhuhuri.

Maneno machache. Mwishehe alikuwa amekesha nayo siku tatu.

Wenzake wakaingia mmoja mmoja. Seifu, aitwaye Wakili, ambaye sheria hakuisoma hata siku moja, ila aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi wa ng'ombe aliyepotea, akarudi bila ng'ombe na msamiati mwingi. Rama Spoku, fundi baiskeli, mikono ya grisi mpaka kwenye viwiko. Na Brighton Semina, karani wa ofisi moja Dar, ambaye siku tano hukaa kimya mbele ya mabosi wake, kwa hiyo Jumamosi sisi ndio tunaolipia.

Mwishehe aliitoa ile karatasi tupu, akaiweka juu ya mninga.

— Jamani, Gregori anaomba bunduki. Natakiwa niseme tabia yake. Mnasemaje?

— Sasa hapo unangoja nini? — alidakia Seifu. — Andika! Wahenga wameshahukumu: mtoto akililia wembe, mpe!

— Wakili, — alisema Zena, — katika hiyo methali mtoto anakatwa.

— Anakatwa, lakini si alipewa? Sheria inaangalia kupewa. Kukatwa ni kesi nyingine, ina jalada lake.

— Mimi namuunga mkono Bwana Heka mia kwa mia, — alisema Rama. — Ni mtu wa watu. Msiba wa mama yangu mdogo nani alileta turubai? Yeye. Nani alikuwa wa kwanza kushika sepetu? Yeye. Salamu zake unazisikia toka mtaa wa Tangini.

— Tusiende kwa hisia, — alisema Brighton, akakunja mikono ya shati. — Twende kwa vigezo. Kigezo cha kwanza: historia ya mwombaji. Kigezo cha pili: mazingira wezeshi. Kigezo cha tatu...

— Semina, kahawa itapoa.

— Kigezo cha kwanza tu basi! Historia. Mzee Muhuri, daftari la mtaa unalo?

Analo. Hilo daftari Mwishehe hulibeba kwenye mkoba wa nailoni kila aendako. Ndani yake mna kila ugomvi uliowahi kufika kwake. Alilifungua akasogeza miwani.

— "Tarehe tatu Machi. Rama, fundi baiskeli. Jogoo wake amekula mchicha wa Mama Maua."

— Alikuwa na njaa! — Rama alisimama.

— "Tarehe tisa Aprili. Rama. Jogoo yule yule. Amemdonoa mwalimu wa madrasa kisigino."

— Mwalimu alianza!

— "Tarehe moja Juni. Rama amemtishia jirani yake Hamidu kwa spana, kuhusu jogoo."

— Spana namba nane, jamani! Ndogo kuliko zote! Hata mtoto huchezea!

— "Seifu. Kufungulia redio wakati wa tanzia." "Brighton. Kuegesha gari mbele ya choo cha watu."

— Na Gregori? — aliuliza Seifu, akiruka lake haraka.

Mwishehe alifunua kurasa. Akafunua tena, ingawa alijua. Gregori hakuwemo. Popote.

— Mnaona? — Brighton alipiga paja. — Takwimu hazidanganyi. Mtu hatari kuliko wote Mkuza ni Rama. Huyu hata manati asipewe.

— Na jogoo naye je?

— Jogoo alishahukumiwa. Tumemla Idi.

Kicheko kikapasuka mpaka mwuza maji wa ng'ambo akageuka. Mwishehe naye alicheka, ila mdomoni tu. Alijua vizuri kwa nini Gregori hakuwemo kwenye daftari. Hakuwemo kwa sababu yeye, Mwishehe, hakumwandika.

Mara tatu Stellamaris, mke wa Gregori, alikuja nyumbani kwake. Mara tatu Mwishehe alimwita Gregori, akawakalisha kwenye mkeka mmoja, akasema maneno ya busara, Gregori akainamisha kichwa, akaomba radhi, kesho yake akanunua doti ya khanga, wakala pilau, yakaisha. Na hakuandika neno. Marehemu baba yake, aliyekuwa msuluhishi wa watu kule Kisarawe, alimfundisha hivyo: ugomvi wa mpaka andika, wa mbuzi andika, lakini mambo ya ndani hayaandikwi, ukiyaandika umeyaanika. Mwishehe alijivunia siri za watu alizofukia. Mara ya tatu Stellamaris alikuja kiganja kimefungwa kitambaa, akakataa kukaa. Akasema: "Mjumbe, leo sikuja kupatanishwa. Nimekuja tu ujue. Ameanza kusema ikiingia bunduki humu ndani tutaheshimiana." Naye Mwishehe akampatanisha hivyo hivyo. Akajiambia hayo ni maneno ya hasira. Sasa bunduki inaombwa, na kalamu iko mkononi mwake.

— Lakini, — alisema polepole, — mtu anaweza kuwa mwema hapa benchini, na nyumbani akawa mwingine. Tutamjuaje?

Hapo alikuwa amefungulia maji. Benchi ile ukiiuliza swali la kweli inakujibu kwa miradi.

— Rahisi! — alisema Brighton. — Tunatenganisha mamlaka. Bunduki ikae kwa imamu, risasi zikae kwa katekista. Akitaka kupiga nguruwe, wote wawili wakutane, waandike muhtasari, waidhinishe.

— Mpaka waidhinishe nguruwe ameshamaliza mihogo anaomba maji ya kunywa, — alisema Rama. — Sikiliza dawa. Kila anayeomba bunduki alazwe nyumba moja na mama mkwe wake siku arobaini. Rimoti ya runinga ashike mama mkwe. Chumvi atie mama mkwe. Siku ya arobaini, akiwa hajapandisha sauti, mpe bunduki, mpe na mzinga.

— Pingamizi! — Seifu aliinua kidole. — Mtu anaweza kumwigizia mama mkwe. Mimi nasema apimwe mpira. Timu yake ikifungwa na watani, dakika ya tisini, kwa penalti ya mashaka, hapo hapo mletee fomu ajaze. Ukiona mwandiko umetulia, huyo ni raia mwema.

— Basi Mkuza nzima haitapata bunduki.

— Ndiyo faida yake!

— Wazo lingine, — Rama alikuwa ameshapanda mori. — Bunduki apewe mke. Bwana Heka awe wa kufukuza nguruwe kwa miguu, akishindwa anapiga magoti, anaomba kwa adabu: "Mama watoto, naomba piga yule wa kushoto."

— Hilo, — alisema Zena bila kucheka, — ni la kwanza la maana kutoka kinywani mwako tangu nikufahamu.

— Au tuwasajili nguruwe wenyewe! Wawe na mjumbe wao, na daftari...

— Na marehemu jogoo wako awe katibu!

Wakacheka tena, na Mwishehe akasubiri kicheko kishuke.

— Nauliza hivi kwa sababu... labda kuna kelele mtu amewahi kusikia. Pale kwake.

Kicheko kikashuka kweli. Rama akaanza kujikwangua grisi kwenye ukucha. Brighton akatazama simu isiyolia.

— Mzee Muhuri, — alisema Seifu kwa ile sauti yake ya mahakamani, — usituingize kwenye vyumba vya watu. Wahenga wamefunga hiyo kesi. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune.

— Na mmoja akimpiga mwenzie risasi, Wakili, — aliuliza Zena, — unachukua nini?

Seifu akapekua methali zake zote. Wahenga hawakuwa wameacha kitu humo.

— Chepe, — Zena alijijibu mwenyewe. — Unachukua chepe. Na turubai ataleta nani safari hiyo?

Akarudi kupepea jiko lake. Mtu hakugusa kashata.

Ndipo ikasikika hodi, hodi ya adabu, kana kwamba pale kulikuwa na mlango.

— Shikamooni wazee. Samahani, nimeelekezwa kwamba mjumbe hupatikana hapa.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, futi ya kupimia nguo shingoni, nakala ya kitambulisho mkononi.

— Marahaba, mwanangu. Ndiye mimi.

— Naitwa Evaline, ni mshonaji. Nimehamia tangu Jumatano, nimepanga chumba cha uani kwa Mzee Hamidu. Nimekuja kujiandikisha.

— Karibu sana, dada! — Rama alifurahi kupata pa kukimbilia. — Kaa, unywe kahawa. Umetukuta tunajadili usalama wa taifa. Kuna jirani yako hapo, Bwana Gregori, anaomba bunduki.

— Yule wa nyumba yenye geti la kijani?

— Huyo huyo. Nguruwe wanamsumbua shambani Dutumi.

Evaline alipokea kikombe kwa mikono miwili, akafikiri. Alikuwa na uso wa mtu anayepima kitambaa kabla hajakata.

— Hao nguruwe huingia shambani saa ngapi?

— Usiku, dada! — Seifu alicheka. — Umewahi kuona nguruwe pori wa saa nne asubuhi?

— Na yeye huwa analala huko Dutumi?

— Aa, wapi! — alisema Rama. — Huenda Jumapili akitoka misa, magharibi yuko hapa. Kule ana mlinzi, mzee Yassin, na mbwa wawili na filimbi.

— Kwa hiyo bunduki atampa huyo mlinzi.

— Thubutu! — Hapo Seifu alikuwa kwenye uwanja wake. — Kibali cha silaha ni cha mtu na jina lake. Bunduki si sufuria, haiazimwi. Akimpa mlinzi anafungwa.

— Ahaa, — alisema Evaline. — Nauliza tu, msinielewe vibaya, mimi mgeni. Dirisha langu na dirisha la chumba chao mnaweza kupeana chumvi. Sasa hiyo bunduki italala wapi?

Nawaambieni, benchi ile imewahi kujibu kila kitu. Imewahi kueleza kwa nini mvua imechelewa, nani aliyeiba transfoma, na mwezi una umbali gani kwa baiskeli. Lakini hapo watu wanne walitazama birika kana kwamba jibu limo ndani.

Mwishehe ndiye aliyejibu, na sauti yake haikuwa ya mjumbe.

— Italala chumbani kwa Stellamaris. Ndiko itakakolala. Nguruwe hawataiona hata siku moja.

Akavua miwani.

— Na mimi ninajua hivyo. Nimewakalisha wale watu kwenye mkeka wangu mara tatu, mara zote tatu mwanamke ameumizwa. Sikuandika. Nilijiona nina hekima. Jamani, nina aibu, na ninaogopa, maana yule mwanamke alinipa habari mapema, nami nikampa pilau.

— Mke wangu aliwahi kuniambia, — alisema Brighton, akiwa amesahau vigezo vyote. — Nikamwambia nina usingizi.

— Mimi nilimsikia siku moja akilia nyuma ya geti, — alisema Rama. — Nikapiga kengele ya baiskeli ili wajue kuna mtu anapita. Kisha nikapita kweli.

— Alikuja hapa akanunua kashata, — alisema Zena, — akaitafuna upande mmoja wa taya. Nikamrudishia chenji.

Seifu peke yake ndiye alikuwa bado anatafuta mlango.

— Haya, lakini kisheria, ukiandika, Gregori atasema mkewe ndiye kamchongea. Si tutakuwa tumemwongezea?

— Ndiyo maana sitaandika alichosema mke. Nitaandika nilichokiona mimi, kwa macho yangu, nyumbani kwangu. Akitaka ugomvi, agombane na mimi. Na barua haitapita mkononi mwake. Nitaipeleka mwenyewe kwa mwenyekiti.

Akashika kalamu. Brighton akasogea, ugonjwa ukamrudia.

— Mzee, kiofisi tungeweka "zipo changamoto za kifamilia"...

— Semina, changamoto ni pancha, — alisema Mwishehe. — Hii ni kupiga.

— Pancha mimi naziba kwa dakika tano, — alisema Rama. — Andika kupiga.

Akaandika, kwa mwandiko wake mkubwa wa ngumbaru, akisoma kila neno kadiri lilivyotoka:

"Namfahamu Gregori miaka tisa. Amempiga mkewe mara tatu ninazozijua, nami nimesuluhisha bila kuandika popote, ndiyo maana daftari la mtaa halina jina lake. Kosa hilo ni langu. Siungi mkono apewe silaha. Naomba pia wakubwa wawe wanamuuliza mwenza wa mwombaji, faragha, kabla ya kutuuliza sisi tunaokunywa naye kahawa. Mwishehe, mjumbe."

— Wekeni na mimi shahidi, — alisema Rama.

— Wewe una rekodi ya spana! Nitatangulia mimi, — alisema Seifu, — maana kutangulia si kufika.

— Hiyo methali inakukataza kutangulia, Wakili.

— Inakataza kufika. Lete kalamu.

Wakagombania kalamu mpaka karatasi ikaingia alama ya kidole cha grisi, ambayo Brighton alisema kiofisi inakubalika kama dole gumba. Hata Zena aliandika jina lake. Kisha Mwishehe akaikunja barua, akaitia mfuko wa ndani, ule wa karibu na fulana.

— Na nguruwe? — aliuliza Brighton. — Mihogo kweli inaliwa.

— Twende sisi! — Rama akashtuka na wazo lake. — Kwa zamu, na madebe! Nguruwe anaogopa debe kuliko polisi. Wakili atawasomea vifungu.

— Nguruwe wakihamia Kisarawe, watu wa kwetu wasije wakanilaumu mimi, — alisema Mwishehe, na safari hii alicheka kwa tumbo. Akamgeukia Evaline. — Mwanangu, nimekuandika. Sasa mimi ndiye ninayekuomba. Stellamaris saa hizi yuko mazoezi ya kwaya, pale kanisani. Unaweza kwenda kumwambia anashonewa sare?

— Naweza. Futi ninayo.

— Mkiwa wawili tu, mwambie Mjumbe anasema safari hii hapatanishi mtu. Akitaka kwenda polisi, kwenye dawati la jinsia, namsindikiza leo hii, na Zena yuko pamoja nasi. Akitaka kulala kwangu, mke wangu Hajira atatoa mto. Asipotaka lolote, pia ni sawa, ila ajue kwamba nimesikia.

Evaline alimaliza kahawa yake, akaaga, akaenda kwa mwendo wa mtu mwenye kazi.

Mara tu alipopotea kwenye kona, pikipiki ikanguruma kutoka upande wa pili. Gregori! Kofia ya pama, tabasamu la meno yote, na ile sauti inayosikika Tangini.

— Shikamoo, Mjumbe! Wazee wa kazi, mambo? Heka kumi na mbili zinawasalimu!

— Marahaba, — alisema Mwishehe.

— Barua yangu tayari?

— Tayari. Naipeleka mwenyewe kwa mwenyekiti.

— Eh, mpaka kunipelekea! Umeniandika vizuri?

— Nimeandika ukweli.

— Basi nimeshapata! — Gregori alicheka, akapiga mikono. — Zena, mimina kahawa watu wote, kwangu mimi!

— Kahawa imekwisha.

— Imekwishaje? Birika si hilo linafuka?

— Hiyo ina wenyewe.

Gregori aliendelea kutabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limebaki peke yake usoni. Alitazama benchi. Ubavu ule wa kitanda hukalisha watu sita kwa raha, nao walikuwa wanne, na hakuna hata mmoja aliyesogea kumpisha. Rama alikuwa amekaa kifua mbele. Seifu alikuwa ametanua magoti, akichukua nafasi ya watu wawili.

— Kuna nini leo?

Mwishehe aliweka kikombe chini, akamtazama usoni.

— Nina swali moja, Gregori. Ni langu mwenyewe, hakuna aliyenituma. Nguruwe wako Dutumi, wanakuja usiku. Wewe usiku uko hapa, na mkeo. Bunduki ingelala wapi?

Gregori alifungua kinywa, jibu likiwa limeshafika kwenye ulimi, jepesi kabisa, la kawaida: chumbani kwangu, wapi tena. Akamwona Zena anamtazama, na Brighton, na Rama, na Seifu, wote wanalisubiri, akalimeza.

Kule msikitini mtu alikuwa anajaribu kipaza sauti. Gregori alisimama pale ameshika kofia, na benchi nzima ikamngoja ajibu.